Kuotesha tishu za jicho ukiwa Tabora: mwongozo kamili kuanzia machinjioni mpaka kwenye inkubeta

Vijana wa maabara, na nyie mnaosoma udaktari mkirudi likizo hapa Tabora, swali lenu huwa ni lile lile: hivi kuotesha seli za jicho la binadamu ni mpaka mtu aende Ulaya? Hapana. Kinachotakiwa ni mikono iliyozoea, usafi usio na mzaha, na ruhusa zilizokamilika, mashine za bei mbaya zinafuata baadae. Na mikono inazoeshwa kwa macho ya mbuzi na ng'ombe. Hili nalisema mwanzoni kabisa manake mwongozo wote umekaa juu yake: tishu ya mtu sio ya kujifunzia, unaigusa siku ambayo ile ya mbuzi unaifanya vizuri mara zote bila kubahatisha.

Uelewe kwanza unaotesha nini

Jicho sio kitu kimoja. Mbele kuna konea, kile kioo angavu, kwa binadamu unene wake katikati ni kama nusu milimita na upana wake kama milimita 11 mpaka 12. Konea yenyewe ina epithelia kwa nje, ambayo inajifanya upya maisha yote, alafu stroma ndo nyama yake ya katikati, alafu kwa ndani kabisa kuna endothelia, safu moja tu ya seli ambayo kazi yake ni kusukuma maji yatoke ili kioo kisiwe na ukungu. Hizi za endothelia kwa mtu mzima zikifa hazizaliwi nyingine, zilizobaki zinatanuka tu kuziba pengo. Ndo maana mtu anayekamata konea na kuikunja kama karatasi anakuwa ameshaiharibu kabla hata kazi haijaanza.

Pale konea inapokutana na weupe wa jicho kuna ukanda mwembamba unaitwa limbasi, na huu ndo nataka uupende kuliko sehemu nyingine zote. Seli mama za epithelia zinakaa hapo. Mliokulia Urambo au Sikonge mnajua kitalu cha tumbaku, miche inatoka pale inaenda kujaza shamba, basi limbasi ni kitalu na konea ndo shamba. Kitalu kikiungua kwa tindikali, chokaa au moto, shamba linavamiwa na tishu ya pembeni yenye mishipa ya damu na mtu anapofuka. Mwaka 1997 kundi la Graziella Pellegrini huko Italia walitoa ripoti ya kuchukua kipande kidogo cha limbasi kutoka jicho la mgonjwa ambalo halijaumia, wakakiotesha maabara, wakakirudisha kwenye jicho lililoungua. Mwaka 2015 tiba ya namna hiyo, inaitwa Holoclar, ikapata kibali Umoja wa Ulaya. Mbinu iliyowafikisha pale ni ile ya Rheinwald na Green ya mwaka 1975, kuotesha seli za ngozi juu ya seli za panya zilizozuiwa kugawanyika ambazo kazi yake ni kulisha tu.

Kwa hiyo unapopanga kazi chagua moja kati ya njia hizi. Kulea konea nzima kama ilivyo, hapo unaangalia mambo kama kupona kwa kidonda au dawa inavyopenya. Kupanda kipande kidogo na kuacha seli zitambae zenyewe zitoke nje yake. Au kuachanisha seli kwa vimeng'enya na kuziotesha mojamoja. Mi nakushauri uanze na kipande, ni rahisi, haitaki vimeng'enya vya gharama, na inakufundisha subira. Zipo pia seli za kununua ambazo tayari zimezoea chupa, maarufu ni ARPE-19, seli za tabaka lenye rangi lililo nyuma ya retina, zilitangazwa mwaka 1996, zimetoka kwenye jicho la kijana wa miaka 19 aliyefariki kwa ajali ya gari. Ni nzuri kwa majaribio ya haraka ila usije ukadhani zinafanya kila kitu ambacho jicho hai linafanya.

Ruhusa kabla ya kisu

Kwa macho ya machinjioni ongea na msimamizi wa machinjio na daktari wa mifugo anayekagua nyama, uchukue ya mnyama aliyepita ukaguzi tu. Sio urasimu huo, kuna kimeta, kuna homa ya kutupa mimba, kuna homa ya Bonde la Ufa, na we unaenda kukata tishu mbichi kwa ncha kali.

Kwa tishu ya binadamu, pendekezo la utafiti linapita kwenye kamati ya maadili, na kitaifa ni ile iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo hapa Tabora wana kituo chao, kwa hiyo nenda ukaulize utaratibu uso kwa uso badala ya kusikia sikia vijiweni. Utahitaji pia kibali cha hospitali na ridhaa ya mgonjwa iliyoandikwa. Hata kipande kilichokuwa kinaenda kutupwa kwenye ndoo ya taka bado ni cha mtu.

Na hapa niseme ukweli wa mkoani: konea ya mtu aliyefariki hutaipata kirahisi. Ila kuna tishu mbili zinazotolewa kwenye chumba cha upasuaji wa macho kila siku ya opereshini. Ya kwanza ni ule utando wa mbele wa lenzi, mgonjwa wa mtoto wa jicho anapopasuliwa daktari anauchana kwa duara la kama milimita 5 na kuutoa, na umebeba seli hai za epithelia ya lenzi. Ya pili ni kile kinyama kinachoota kutoka kwenye weupe kuelekea konea, kinachowasumbua sana watu wanaoshinda juani na vumbini. Hizo mbili zinatosha kabisa kuanzisha kazi ya maana ya jicho la binadamu.

Ridhaa iombwe siku moja kabla, mgonjwa akiwa ametulia wodini, sio mezani ameshawekewa dawa ya ganzi. Kaa chini usawa wake. "Shikamoo bibi. Kesho daktari akikutoa mtoto wa jicho, kuna kingozi chembamba sana kinatoka pamoja nacho, kwa kawaida tunakitupa. Tunaomba tukitunze maabara tuone seli zake zinavyokua, tujifunze kwanini mtoto wa jicho anarudi kwa wengine. Ukikataa, opereshini yako iko pale pale, hamna kitakachobadilika." Bibi asiyeelewa Kiswahili vizuri atafutiwe mtu wa kumwelezea kwa Kinyamwezi au Kisukuma, na huyo mtu asiwe mjukuu anayeharakisha waende nyumbani. Akisema ngoja nimuulize mwanangu, mwache aulize.

Vifaa, na ishu ya mwinuko wa Tabora

Unahitaji kabati la hewa safi linalolinda sampuli na wewe pia, inkubeta ya nyuzi joto 37 yenye hewa ya kabonidayoksaidi, hadubini iliyogeuzwa ya kuangalia chini ya chupa, hadubini ndogo ya kupasulia, otoklevu ya kutakasia vifaa kwa mvuke, friji, friza, sentrifuji, mikasi midogo ya macho, koleo zenye meno na zisizo na meno, visu namba 11 na 15, na vyombo vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili ya seli. Sahani za kawaida za kuoteshea bakteria hazifai, seli hazishiki.

Sasa kuna kitu vitabu havikwambii kwa sababu vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu, mgandamizo wa hewa ni kama milibari 880 badala ya 1,013. Hii inagusa vitu viwili. Otoklevu ya aina ya sufuria ya presha, ukiiweka psi 15 kama ilivyoandikwa, ndani inafika kama nyuzi 119 tu badala ya 121, kwa hiyo ama uipandishe ifike psi 17 kama imetengenezwa kuhimili, ama uongeze muda, na kila mara weka utepe wa kiashiria na kila baada ya muda kichupa cha vijidudu vya kupimia. Mashine inayojiongoza kwa kipima joto chenyewe haina shida hii. Cha pili ni hewa ya inkubeta, kabonidayoksaidi asilimia 5 kwenye hewa nyepesi ya hapa ni kidogo kuliko asilimia 5 kwenye hewa ya Dar, kwa hiyo midia, yale maji ya lishe ya seli, inapungukiwa tindikali, yaani pH inapanda kwa kama 0.06. Sio mwisho wa dunia ila kwa seli za jicho zilizotoka mwilini jana inaonekana. Usikisie, weka midia tupu kwenye chupa iliyolegezwa kifuniko, ilale usiku kucha, asubuhi pima haraka, ikiwa juu ya 7.4 pandisha kabonidayoksaidi taratibu, kwa kawaida utaishia kama asilimia 5.7 au 5.8. Watu wa Kigoma wako chini yetu pale ziwani, kwao tofauti ni ndogo zaidi lakini ipo.

Huna inkubeta ya kabonidayoksaidi? Tumia midia ya Leibovitz L-15, hiyo imetengenezwa kwa hewa ya kawaida, inkubeta yoyote ya nyuzi 37 iliyo safi inatosha. Au ongeza HEPES, bafa ya kushikilia pH, milimola 20 mpaka 25 kwenye midia ya kawaida na ufunge chupa kabisa. Kwa kujifunza inatosha sana.

Umeme ukikatika usifungue mlango wa inkubeta, hilo la kwanza na la mwisho. Jaza chupa za maji kwenye rafu ya chini zikae humo siku zote, zinashikilia joto kwa masaa. Trei ya unyevu iwe na maji yaliyochemshwa kwa mvuke yakapozwa, na punje chache za salfeti ya shaba kuzuia ukungu.

Machinjioni

Fika alfajiri. Salimia wazee, jitambulishe, eleza unachofanya, na usiwe na haraka ya kuomba. Jambo la kuwaambia mapema kabisa ni kwamba unataka jicho kabla kichwa hakijababuliwa. Kichwa cha mbuzi kikishapita kwenye moto kutoa manyoya, konea imeiva, kwa macho unaona imekuwa nyeupe kama yai, na hata kama moto umepita mbali kidogo bado endothelia imekufa. Pia mchinjaji asilimwagie jicho maji ya ndoo ya kuoshea utumbo.

Kutoa jicho: shika kope kwa koleo, pitisha mkasi uliopinda kati ya jicho na mfupa, zunguka ukikata misuli karibu na mfupa sio karibu na jicho, malizia na mshipa wa nyuma, acha kama sentimita moja ya mshipa ibaki, ndo mkono wako wa kushikia baadae. Usiguse mbele kabisa. Mchinjaji mwenye uzoefu atakutolea kwa kisu chake kwa sekunde chache na atakuwa hajagusa konea, mwangalie anavyolaza kisu kwenye mfupa, hakuna kitabu kinachofundisha vile.

Inamisha jicho kwenye mwanga wa asubuhi kabla hujalipokea. Konea nzuri inang'aa na unaona mboni na rangi ya ndani waziwazi, ukiona mkwaruzo, ukungu wa kijivu au pamekunjamana, liache. Weka kila jicho kwenye kikopo chake chenye chachi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi yenye bafa, PBS, pamoja na antibayotiki, konea iangalie juu isiguse kitu. Kikopo kinakaa juu ya barafu iliyofungwa kwenye mfuko, barafu isiguse jicho moja kwa moja. Jitahidi uwe umeanza kazi ndani ya masaa mawili matatu.

Kusafisha na kukata

Jicho la machinjioni lina bakteria kibao, kwa hiyo hapa ndo kazi inapookolewa au kupotea. Kata nyama zote zinazoning'inia, mafuta, misuli, kila kitu mpaka mpira ubaki mtupu. Suuza kwa PBS mara tatu. Lidumbukize kwenye povidoni ayodini ya asilimia 5 kwa dakika 3, ile ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 10 kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na maji ya chumvi yaliyotakaswa, hakikisha ni ya maji sio ile ya sabuni. Alafu suuza tena mara tatu kwenye vikopo vitatu tofauti, kila kikopo kikiwa na antibayotiki maradufu ya kipimo cha kawaida. Kuanzia sasa uko ndani ya kabati na vifaa vingine kabisa, vile vya kwanza havirudi mezani.

Funga jicho kwa chachi safi kiganjani, mbele kuangalie juu. Toboa weupe kwa kisu namba 11 kama milimita 3 nyuma ya limbasi, usizame sana usije kuchana tishu nyeusi ya chini, alafu ingiza mkasi na uzunguke jicho lote kwa umbali ule ule. Ukishamaliza mzunguko, shika ukingo mweupe kwa koleo moja na kwa nyingine vuta taratibu ile tishu nyeusi ya iris ishuke yenyewe. Konea inainuka kama kofia ndogo na pete nyeupe pembeni. Ishike kwa pete tu.

Kwa mbuzi na ng'ombe limbasi ina rangi nyeusi au kahawia kwa hiyo unaiona vizuri sana, bahati nzuri kwa anayejifunza. Kata konea vipande vinne kama pai, toa sehemu kubwa ya katikati na weupe uliozidi, bakiza ukanda wa kama milimita 2 unaobeba ile rangi. Igeuze, kwangua endothelia na punguza stroma ya nyuma kwa kisu, ukanda ukiwa mwembamba unashika vizuri zaidi. Alafu katakata vipande vya milimita 1 mpaka 2 kwa kubonyeza kisu chini mara moja, usikokote kama unakata mkate, kukokota kunaua seli za ukingoni na hizo ndo zinatakiwa kutambaa.

Kupanda

Midia ninayopendekeza kwa limbasi ni DMEM iliyochanganywa nusu kwa nusu na F12, zote ni midia za kununua, seramu ya ndama asilimia 10, insulini maikrogramu 5 kwa mililita, haidrokotizoni maikrogramu 0.5, kichocheo cha ukuaji EGF nanogramu 10, penisilini uniti 100 na streptomaisini maikrogramu 100, na amfoterisini B maikrogramu 2.5 kwa wiki ya kwanza tu manake inazichosha seli. Seramu ikifika igawe kwenye vichupa vidogo na ugandishe, kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaiharibu na ndo kitu cha bei kuliko vyote hapo.

Weka vipande vitatu au vinne kwenye kila kisima cha sahani ya visima 6, epithelia ikiangalia juu, kila kimoja na tone dogo la seramu tupu. Acha dakika 20 hivi ndani ya kabati vishike. Alafu ongeza midia kwa kupitia ukutani mwa kisima, kidogo sana, ifike kwenye mabega ya kipande isikifunike kabisa. Wengi wanaharibu hapa kwa huruma, wanamwaga midia nyingi vipande vinaelea, na kipande kinachoelea hakioti hata kikae mwezi. Ipeleke inkubeta na usiisogeze kwa siku mbili. Najua unatamani kuchungulia. Usichungulie.

Siku ya tatu ongeza midia kidogo, kuanzia hapo badilisha nusu yake kila baada ya siku mbili. Kati ya siku ya 3 na ya 7 utaona pembeni ya kipande ukingo wa seli zilizobanana, za pembe pembe, zimepangana kama mawe ya kutandazia njia, katikati ya kila seli kiini cha duara. Hizo ndo zenyewe. Ukiona nyingine ndefu nyembamba, zinapishana pishana na kuelekea upande mmoja, ni za stroma, na hizi ni wakorofi, zikiachwa zinamaliza kisima. Dawa yake ni kutoa kipande mapema, kama wiki moja na nusu, na wakati wa kuhamisha seli weka tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, kwa muda mfupi kwanza: zile ndefu zinabanduka haraka, unazimwaga, alafu unaweka tripsini mpya kwa ajili ya zile za mawe ambazo zimeng'ang'ania. Kwa tishu ya binadamu kisima kinajaa kwenye wiki ya pili mpaka ya tatu.

Umbo peke yake sio ushahidi wa kuandika kwenye ripoti. Ukiwa na uwezo wa kupaka rangi za kingamwili, keratini 3 na 12 zinakwambia hii ni epithelia ya konea iliyokomaa, p63 inaelekeza kwenye seli changa za kitalu, vimentini ikiwaka sana jua stroma imeingia.

Ukitaka stroma yenyewe, ondoa epithelia na endothelia, katakata iliyobaki, ilaze usiku kwenye kolajenesi, kimeng'enya cha kulegeza tishu, miligramu 1 kwa mililita kwenye nyuzi 37, asubuhi sentrifuji. Ila jua kwamba ukiziotesha kwenye seramu zinageuka kuwa seli za kovu, sio zile tulivu zilizokuwa jichoni. Anayechunguza makovu hiyo inamfaa kabisa, na kwa mkoa ambao wakulima wanaumizwa macho na majani ya mahindi na vijiti kila msimu, sioni swali muhimu kuliko hilo. Anayetaka seli tulivu aziweke bila seramu.

Ule utando wa lenzi kutoka chumba cha upasuaji

Huu mwombe daktari auweke moja kwa moja kwenye kichupa chenye midia ya baridi, asiufute kwenye chachi. Ukifika maabara uhamishie kwenye sahani na uutandaze kwa sindano mbili nyembamba chini ya hadubini, una tabia ya kujikunja upande mmoja, na upande wenye seli ndo uangalie juu. Bana ukingo wake sehemu nne kwa kuzichoma kwenye plastiki kwa ncha ya sindano. Midia ya MEM na seramu asilimia 5 mpaka 10 inatosha. Seli zinatambaa kuvuka ukingo ndani ya siku chache, kwa wagonjwa wa umri mdogo haraka zaidi kuliko wazee. Hii ndo tabia ile ile inayofanya baadhi ya waliopasuliwa waone ukungu tena baadae, seli zilizobaki zinatambaa nyuma ya lenzi ya bandia, kwa hiyo una ugonjwa wenyewe mbele yako kwenye sahani.

Konea nzima

Jaza upande wa ndani wa konea kwa mchanganyiko wa agari na midia ukiwa wa uvuguvugu, ukiganda konea inabaki na mviringo wake. Ilaze kwenye sahani, midia ifike kwenye limbasi tu, epithelia ibaki hewani, na uidondoshee tone la midia mara mbili kwa siku. Kwa kuchunguza kupona, chora duara la milimita 4 au 5 katikati, kwangua epithelia ndani yake, weka tone la fluoresini, rangi inayong'aa kijani pale epithelia ilipotoka, piga picha chini ya mwanga wa bluu kila baada ya masaa 12. Eneo la kijani linavyopungua ndo kasi ya kupona, na hapo unaweza kulinganisha na kilichowekewa dawa.

Benki za macho zinahifadhi kwa njia mbili. Kwa baridi ya nyuzi 4, njia iliyoanza kusambaa na midia ya McCarey na Kaufman ya mwaka 1974 ambayo ilitunza kwa siku kama 4, na midia za baadae zikafika mpaka siku 14. Au kwa joto la nyuzi 31 mpaka 37, ambayo Ulaya inatumika hadi wiki 4, konea inavimba humo na kabla ya kutumika inawekwa dekstrani kuinyonya maji. Endothelia inakaguliwa kwa rangi ya tripani bluu, seli iliyokufa inabeba bluu, hai haibebi. Zoeza jicho lako kuhesabu kwa konea za ng'ombe, benki nyingi hazikubali konea ya kupandikiza yenye chini ya seli 2,000 kwa milimita mraba.

Retina

Hii ni ile safu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na kwa kifupi, usianze nayo. Inakufa haraka sana, damu ikisimama inahesabu dakika. Anayeitaka lazima awe na jicho freshi mno, aivue bila kuichana, ailaze juu ya utando wenye vitundu, na hata hapo inaishi wiki mbili hivi huku ikibadilika. Dunia imehamia kwenye kutengeneza vijiretina kutoka seli shina, kazi iliyofunguliwa na Yoshiki Sasai na wenzake Japani mwaka 2011 kwa seli za panya. Hiyo inataka miezi ya kulisha bila kukosa siku, kwa umeme wetu bado ni mtihani.

Uchafuzi

Midia ikigeuka njano na kuwa na ukungu ndani ya usiku mmoja ni bakteria, rudi kwenye ayodini yako. Nyuzi nyuzi nyeupe ni ukungu, na hapa kwetu unakuja kwa misimu miwili, mvua zikianza Novemba na kile kipindi cha vumbi cha Agosti na Septemba, funga madirisha, deki sakafu kwa kitambaa kibichi usifagie. Kisima kilichochafuka usijaribu kukiokoa kwa dawa, mimina klorini ya jiki mpaka iwe kama sehemu moja kwa kumi, subiri nusu saa, ondoa. Mbaya kuliko zote ni mikoplazma, vibakteria vidogo mno, haionekani, midia inabaki safi, seli zinakua kivivu tu na majibu yako yote yanakuwa ya uongo, kwa hiyo pima kila baada ya miezi michache na seli mpya zikae karantini kwenye chupa ya pembeni.

Kugandisha na kutupa

Seli zikiwa kwenye ukuaji mzuri, sio zilizobanana mpaka zimechoka, zichanganye kwenye seramu yenye DMSO asilimia 10, kemikali ya kukinga seli zisipasuliwe na barafu, zishuke joto nyuzi 1 kwa dakika mpaka −80, alafu kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi −196. Wakati wa kuyeyusha fanya kinyume, haraka, kwenye maji ya 37 mpaka kibaki kipunje cha barafu. Bila naitrojeni usizidishe miezi michache kwenye −80.

Kila kichupa kiandikwe kwa penseli ya maabara: namba, mnyama au namba ya siri ya mgonjwa, jicho la kulia au kushoto, tarehe, imehamishwa mara ngapi. Jina la mgonjwa lisionekane popote kwenye friza, orodha ya kuunganisha namba na jina inafungiwa kwingine na ina mtu mmoja mwenye ufunguo.

Tishu ya binadamu yote uichukulie ina virusi vya homa ya ini au ukimwi mpaka ithibitike vinginevyo, glavu mbili, chanjo ya homa ya ini B uwe umemaliza dozi zako. Mabaki yanapikwa kwenye otoklevu kisha yanapelekwa tanuri la hospitali, na muda wa kuhifadhi ulioandika kwenye fomu ya ridhaa ukiisha, zile seli zinatolewa hata kama zinakua vizuri kiasi gani. Ukitaka kuendelea nazo, unarudi kamati ya maadili kuomba upya kabla tarehe haijafika.